Kwa nyie wapya wa kituo: mshusheni huyo komba begani kwanza

Juzi asubuhi nafungua simu nakutana na status ya kijana wetu mmoja wa field, komba mchanga kakaa begani, kofia ya kituo chetu cha kutibu wanyamapori kichwani, chini kaandika "mwanangu mpya" na kopakopa tatu. Sikumjibu. Nimekunywa chai, hasira haijaisha, nikaona niandike tu maana kila msimu mnakuja wapya na makosa ni yale yale, na baya kuliko yote nililifanya mimi mwenyewe kwa mikono hii hii. Na nyie mnaonipigia simu kila siku, "kaka tumepata eneo, mabati yapo, tunataka kufungua kituo kama chenu", kaeni hapo msome.

1. Kibali kwanza, banda baadaye. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma na Rais ndiye kashika dhamana kwa niaba yetu wote, kwa hiyo ukikutwa na tumbili uani kwako huna karatasi, hata kama umemtundikia dripu, umekutwa na nyara ya serikali, basi. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, nenda TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, na kijijini usiishie kwa mwenyekiti, pita mkutano mkuu na muhtasari usainiwe. Na kwenye huo mkutano waelezeni watu vizuri nyie ni kina nani! Sisi tulijieleza vibaya, tukasema "tunashughulika na wanyama", wiki iliyofuata getini kuna wazee sita na picha za mahindi yaliyoliwa na tembo wanataka kifuta jasho. Mzee mmoja mpaka leo akiniona sokoni ananiuliza hela yake imefikia wapi.

2. Mtoto aliye peke yake sio yatima. Nimesema hili mpaka sauti imekauka. Mama digidigi anamficha mtoto kwenye kichaka anaenda kula, komba naye anamuweka wake kwenye tawi anaenda kutafuta chakula, halafu anapita msamaria mwema na boda anakuletea "yatima". Ukipigiwa simu swali la kwanza sio "ana hali gani", ni "umemtoa wapi, na unaweza kumrudisha hapo hapo leo". Kama hana jeraha na hajapoa mwili, arudi.

3. Mgonjwa sio maonyesho. Hapa naomba mnivumilie.

Siku tuliyofungua upande wa elimu tulikuwa na turubai, spika mbili za kukodi, wanafunzi kama arobaini wa shule ya jirani, na mgeni rasmi. Wanyama tulionao: kobe mmoja na bundi wawili ambao mchana wamelala. Mgeni rasmi kazunguka dakika tano akaniuliza kwa upole kabisa, "sasa wanyama wako wapi?" Aibu niliyoiona siku ile! Nikiwa bado natafuta jibu, boda akaingia na kiroba. Ndani digidigi jike, kafungwa miguu kwa kamba ya manila, katolewa huko chini nyikani, mbwa walimkimbiza ndio wakamkamata. Hana jeraha hata moja. Mimi nikaona Mungu kanijibu.

Nikamfungua kamba nikampakata nikaenda naye chini ya turubai. Mtu ambaye hajawahi kumshika digidigi hajui, ni mwepesi kama paka, unausikia moyo kwenye mkono wako unapiga kama cherehani. Hakurusha teke, hakulia. Macho tu, yale makubwa, na lile doa jeusi chini ya jicho limelowa. Nikashika maiki, haya maneno nayakumbuka moja moja, nikasema: "Mnaona watoto alivyotulia, anajua tunamsaidia." Wakapita kwa mstari, kila mmoja kamgusa. Mgeni rasmi akampakata tukapiga picha. Nyuma yetu spika inapiga muziki. Ukijumlisha yote dakika ishirini hivi, labda na zaidi.

Hajatulia yule. Alikuwa kaganda kwa hofu, na mimi nilikuwa na cheti ukutani kinachosema nalijua hilo.

Jioni anahema mdomo wazi, nikapima joto, kipimo kinasoma zaidi ya 41. Nikamlowesha maji, nikazima taa, usiku akala majani mawili matatu, nikafurahi kama mjinga nikaenda kulala. Asubuhi miguu ya nyuma imekakamaa kama mbao, kanyanyuka akaanguka. Chini kwenye majani makavu kuna mkojo rangi ya kahawa. Nikampigia daktari, hata sijamaliza kueleza akaniuliza "alikimbizwa? halafu mkamshikashika?" Nikasema ndio. Akanyamaza kwanza. Akanieleza kile ambacho nilishawahi kukijibia mtihani: mnyama akikimbizwa na kubanwa na hofu kupita kiasi misuli inaanza kufa yeye mwenyewe akiwa bado hai, uchafu wake unaingia kwenye damu, figo zinaziba, na anaweza kuondoka ndani ya saa chache au baada ya siku kadhaa, wakati wewe unadhani kapona. Dripu tuliweka. Siku ya tatu alfajiri nikamkuta amekufa. Tulipompasua, nyama ya paja ilikuwa nyeupe kama kuku wa kuchemsha.

Labda mbwa walikuwa wameshamuua kabla hajafika kwangu. Daktari alinipa hilo la kujifariji. Lakini ningemuingiza kwenye boksi la giza, kimya, kitambaa machoni, asishikwe na mtu, angekuwa na nafasi, na ile nafasi mimi niliigawa kwa watu arobaini.

Wiki iliyofuata mwalimu akaleta bahasha, wanafunzi wamechora kutushukuru. Digidigi kwenye kila karatasi, macho makubwa. Mtoto mmoja kachora na spika pembeni. Hiyo ndiyo ile iliyobandikwa ndani ya mlango wa chumba cha mapokezi, mnayoniulizaga kwa nini haina fremu.

Kwa hiyo wageni wanaona kobe, mafuvu, mayai, manyoya, na wale waliopata kilema wasioweza kurudi porini. Hata aje waziri, mlango wa wagonjwa haufunguliwi.

4. Madogo madogo haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa unachoma kabla hujaanza kazi, sio baada ya kung'atwa. Bundi hali steki, mpe panya mzima na mifupa yake la sivyo mifupa ya kinda inapinda, na panya asiwe wa kuokota, huenda kala sumu. Maziwa ya ng'ombe ya dukani usimpe kila kitoto kinacholia. Mafua unayo, kwa tumbili huingii. Kakakuona akiletwa, nipigie hata saa nane usiku, na wazee wakitaka kumuwekea maji, mtama na panga watazame mwaka utakuwaje, wakatalie kwa heshima, yule anachotaka ni mchwa na kuachwa.

5. Yule komba. Nimeuliza, katolewa kwenye mwembe nyuma ya zahanati, ana siku mbili kwetu. Leo magharibi anarudishwa kwenye mwembe huo huo, ndani ya kikapu, tawi la juu, halafu mnakaa mbali na tochi mmezima mpaka mama yake aje, hata kama ni saa sita usiku. Asipokuja mnarudi naye na kesho mnajaribu tena. Mwenye status ndiye anapanda mti.

Na aliyechukua glavu zangu za ngozi azirudishe, kesho asubuhi kuna mwewe anakuja.