Bipola: dawa meza, na kikundi usikikose

Wanaoanza kliniki ya afya ya akili hapa Dodoma huniuliza swali moja: kama dawa zimeshanituliza, kikundi cha nini? Mimi nina bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi na wakati mwingine kumshusha kwenye huzuni nzito. Natumia litiamu, dawa ya kuzuia kupanda na kushuka huko, na Jumamosi asubuhi nakaa na wenzangu kwenye mabenchi, muuguzi akituongoza. Huwa nawajibu kwamba dawa inanituliza, lakini haiwezi kuniambia kuwa nimeanza kupanda. Wenzangu wanaweza.

Mtu anapopanda hajioni mgonjwa. Anajiona mzima kuliko siku zote: anasinzia kidogo tu na kuamka na nguvu tele, maneno yanamtoka kwa kasi, kila wazo kwake ni utajiri. Hapo ndipo anapoona vidonge havina kazi tena. Akishuka, sonona inamlaza kitandani, hata kunyanyuka kwenda kuchukua dawa anashindwa.

Tangu serikali ihamie huku, kupanda kwa baadhi yetu kunaonekana kwenye viwanja. Mwenzetu mmoja, mtu mzima, alifika kikundini amependeza, mchangamfu, risiti mkononi. Ndani ya wiki moja alikuwa ametanguliza malipo ya kiwanja Nala, kingine Ihumwa na kingine njia ya Kondoa. Nyumbani walikuwa wakimpongeza. Binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, akamwamkia, "Shikamoo baba," halafu akamuuliza, "Jana ulilala saa ngapi?"

Yule baba akakaa kimya kidogo. "Marahaba mwanangu. Sijalala tangu Jumatano."

Muuguzi hakusubiri kikao kiishe, akampeleka kwa daktari saa ile ile. Dawa zikarekebishwa, akapata usingizi, na hakufikia kulazwa. Daktari angekutana naye kwenye miadi ya mwezi unaofuata, wakati pesa zimeshakwenda na ndoa imeshatikisika. Tangu hapo tumekubaliana kwamba hakuna kusaini wala kulipia kitu kikubwa mpaka umelala vizuri siku mbili mfululizo na umemwonyesha mwenzako mmoja.

Si kila kikao cha maongezi kinaleta faida hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Barcelona, Hispania, wakiwemo Francesc Colom na Eduard Vieta, walichapisha matokeo ya wagonjwa 120 wa bipola waliokuwa wametulia na wakiendelea na dawa. Nusu walihudhuria vikao 21 vya dakika 90 wakifundishwa kuutambua ugonjwa, kushikilia dawa, kuona dalili mapema na kupanga maisha. Nusu nyingine nao walikaa kwenye kikundi, ila wakiongea tu bila mpango. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 92 ya walioongea tu, na asilimia 67 ya waliofundishwa. Zitazame vizuri namba hizo. Tofauti ni kubwa, lakini hata waliofundishwa wengi wao uliwarudia. Kwa hiyo ukisikia kiongozi wa kikundi anaahidi kukuponya, au anasema sasa una imani ya kutosha uache vidonge, ondoka hapo. Nenda kwenye maombi, omba sana, na ukirudi nyumbani meza dawa yako.

Jambo linalotuchukulia muda mwingi ni usingizi. Kukosa usingizi usiku mmoja kunaweza kuanzisha kupanda, na maisha yetu yamejaa sababu za kukesha: mkesha wa kanisani, harusi, kulala msibani. Daktari anaposema "lala mapema" ni rahisi. Mwambie hivyo mtu aliyefiwa na shangazi Mpwapwa, uone. Kikundini tulilijadili kwa undani, na mama mmoja akatupa njia ambayo mpaka leo naitumia: nenda msibani mchana, shika kazi inayoonekana, menya vitunguu, chota maji, toa rambirambi yako, na kabla ya giza mwombe ndugu mmoja anayeijua hali yako awaambie wengine kwamba una dawa za usiku. Hakuna aliyewahi kunisema vibaya kwa hilo. Wanaofunga Ramadhani wakaonane na daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu daku hukata usingizi na saa za dawa hubadilika. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na imamu ukimweleza atakwambia vivyo hivyo.

Kwa wenzangu wa litiamu, joto la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, si la kuchezea. Ukitoka jasho jingi, ukihara au ukitapika, mwili unapoteza maji na chumvi, figo zinaishikilia litiamu, na kiwango chake kinapanda kwenye damu. Kunywa maji kila mara, na usiache chumvi ghafla kwa sababu jirani kakushauri. Mgongo ukiuma, usikimbilie duka la dawa kununua ibuprofeni au diklofenaki, maana nazo huipandisha litiamu. Uliza kuhusu parasetamoli. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, ukayumba, ulimi ukawa mzito, usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo cha damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho: ukimeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi kabla hujameza nyingine. Kiwango cha litiamu kikipita milimoli 1.5 kwa lita ni hatari. Figo na tezi ya thairoidi nazo hupimwa, kwa kawaida kila miezi 6.

Na dada zangu mnaotumia valproeti, dawa nyingine ya bipola, ulizeni mapema kuhusu uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Msiiache wenyewe, daktari atawabadilishia. Kikundini kwetu lilisemwa kwanza na msichana aliyekuwa ameona aibu kuuliza kliniki, foleni ikiwa ndefu nyuma yake.

Ukitafuta kikundi, angalia kama anayeongoza ni mtu wa taaluma: muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia au ofisa ustawi wa jamii anayewasiliana na daktari wako. Yanayosemwa ndani yabaki ndani. Kusiwe na kugawana vidonge wala kulinganisha dozi, kwa sababu figo zangu si zako. Ukiwa umepanda sana, kaa kwanza na daktari. Kelele za watu wengi zitakuchochea, na wewe utawachosha.

Nenda na karatasi. Yangu imeandikwa dalili zangu kwa mpangilio zinavyokuja: naanza kupanga vyombo usiku, napigia simu watu niliopotezana nao, nakasirika nikikatishwa maneno. Nakala moja anayo dada yangu, nyingine anayo mwenzangu wa kikundi. Tumekubaliana wakiona mbili kati ya hizo wananipeleka kliniki bila kubishana nami, na nimeisaini nikiwa na akili timamu.

Mtu akitamka kujiua, iwe kikundini au nyumbani, msisubiri Jumamosi. Msimwache peke yake, ondoeni vidonge na sumu za shambani karibu naye, mfikisheni hospitali usiku huo huo.

Kama wilayani kwako hakuna kikundi, iwe Bahi, Kongwa au Chamwino, siku ya kliniki mwombe muuguzi awakutanishe wachache mnaochukua dawa siku moja. Benchi lile lile mnalosubiria linatosha kuanzia. Mwulize pia nani atawaongoza, na mkutane saa ngapi ili wa mbali wawahi gari la kurudi.