Barua kwa mwanangu: kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza mtu anajuaje alichoumbiwa kufanya, maana una miaka mitano kwenye uhasibu, kila Jumapili jioni roho inakuwa nzito, na sasa unawaza kuacha kazi ukodi fremu, uweke cherehani. La kuumbiwa analijua Mungu. La kuacha au kutoacha linapimika, na ndilo nitakalokujibu.

Anza na ofisi uliyonayo. Mtu akisema "hii kazi siyo yangu", mara nyingi amefunga mambo manne kwenye furushi moja: kazi yenyewe, bosi, mshahara, na mji anaoishi. Yatenganishe. Nunua daftari, na kwa wiki nne andika kila jioni mistari mitatu: nilifanya nini hasa, wapi nilisahau kutazama saa, na nini kilinichosha. Usiandike "nilikuwa ofisini". Andika "nililinganisha vitabu na taarifa ya benki", "nilibishana na msambazaji kuhusu risiti". Nasema wiki nne kwa sababu ni lazima mwisho wa mwezi uingie humo, lakini usiwe peke yake. Wiki ile hakuna mhasibu anayeipenda kazi yake. Zikiisha, pigia mstari yote yaliyokuchosha. Yakiwa mengi yana jina la mtu ndani yake, dawa ni kuhamia ofisi nyingine. Yakiwa ni hesabu zenyewe, hapo tuzungumze cherehani.

Unasema unapenda kushona. Nina shaka kidogo: huenda unapenda nguo ikishakwisha. Kila kazi ina sehemu isiyopigwa picha, na hiyo ndiyo inayokula siku. Kwa fundi ni kupima, kukata, kufumua, kupiga pasi, na kumngoja mteja aliyeahidi kuja saa nne.

Kwa hiyo usijipime kwa gauni moja la harusi ya rafiki. Shona sketi kumi za shule za marinda, zote za kipimo kimoja. Chukua kiuno cha sentimita 60 chenye marinda 20 yaliyolala upande mmoja. Kila rinda linaonekana sentimita 3, lakini linakula kitambaa mara tatu yake, hivyo unahitaji sentimita 180, na za mshono juu yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukikosea milimita 2 tu kwa kila rinda, kiuno kinatoka sentimita 4 nje ya kipimo, mkanda haukai, na unarudi kwenye wembe kufumua rinda moja baada ya jingine. Pasi usipoipiga kabla ya kufunga mkanda, marinda yanateleza na unaanza upya. Sketi ya kwanza utaifurahia hata ikiwa mbaya. Mimi nataka uniambie habari za ya saba. Kama kufikia hapo bado unatafuta namna ya kuyapanga marinda vizuri zaidi, hilo ni neno. Kama unasubiri tu ziishe, nalo ni neno, na limekugharimu vitambaa tu, si ajira.

Ukimaliza, ziuze kwa watu wasiokujua. Sifa za marafiki ni tamu ila hazipimi kitu, kwani rafiki anakusifia wewe. Mteja wa kweli anaacha advansi, anarudi, au anamleta jirani yake. Katika kumi wa kwanza, hesabu waliorudi.

Kisha fanya hesabu, na hapa wewe ndiye mtaalamu. Wiki ya kazi ya saa 45 ni karibu saa 195 kwa mwezi. Tuseme unapokea 780,000 mkononi: saa yako ni shilingi 4,000. Ukitoza ufundi 8,000 kwa sketi iliyokula saa nne, umejilipa 2,000 kwa saa, kabla ya uzi, umeme na kodi ya fremu. Sisemi usishone kwa sababu hiyo, kwani mkono ukizoea muda unapungua. Nataka tu uijue hiyo namba kabla hujaanza.

Usiache kazi ili kufanya jaribio hili. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa humo humo. Tafuta fundi mwenye wateja wengi ukae naye, na umlipe kitu. Ukienda bure utachukuliwa kama mgeni, hutapewa kazi. Siku ikifika ya kuacha kweli, mwajiriwa wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Soma na mkataba wako, usije ukawa unakukataza kufanya biashara pembeni. Mkopo wa chuo nao haufi ukiacha kazi: mwajiri akiacha kukukata ile asilimia 15 ya mshahara, marejesho itabidi uyapeleke Bodi ya Mikopo mwenyewe. Weka kwanza akiba ya matumizi ya miezi sita, nje ya pesa ya mtaji. Njaa humfanya fundi akubali kila kazi kwa bei yoyote, na baada ya mwaka anaichukia cherehani kama unavyoichukia ofisi leo.

Ila si lazima mshahara na wito vikae chini ya paa moja. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni, na mashairi akayaandika. Hata wewe, ukiona daftari linasema ofisi inavumilika, shona Jumamosi na usimwombe mtu radhi.

Halafu kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu: kwamba mafundi wa mtaani kwenu hukuletea vidaftari vyao uwajumlishie, na kwamba hesabu za VICOBA, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, wewe ndiye uliyezinyoosha. Hilo hukuliita kazi wala hukulilalamikia. Litafutie nafasi kwenye lile daftari, na utazame kama saa ulizisahau hapo au kwenye marinda. Mtu akiulizwa anapenda nini, hutaja anachokitamani. Kile anachokifanya bila kusukumwa hakikumbuki.

Kuhusu likizo, ofisi yenu inafunga hesabu Juni 30, kwa hiyo omba ya Desemba. Kwa mafundi huo ndio msimu, nguo za Krismasi na sare za Januari vinakutana, na utaiona kazi ilivyo watu wakiwa wamekasirika mlangoni. Fomu ijaze mapema kabla wenzako hawajajaza zao. Na uende na mkasi wako. Mkasi wa kukatia kitambaa fundi haazimi mtu.

Mama yako