Msinunue nyota kabla ya ukuta

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hivi: timu inafungwa msimu baada ya msimu, fedha zina kikomo, mashabiki wamechoka, ianzie wapi, kusaka nyota, kulea vijana au kubadilisha kocha? Najua mlikuwa mkiwaza soka. Mimi naishi Charlotte, North Carolina, na timu inayonipandisha presha kila Jumapili saa saba mchana ni Carolina Panthers, wa ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kusukumana. Nitajibu kwa kuwatumia wao, maana katika miaka michache wamejaribu majibu yenu yote matatu, na mengi yakawatokea puani.

Jibu langu ni kwamba timu ianze na watu wanaomkinga nyota, na isithubutu kutoa vijana wa kesho ili kumpata mmoja wa leo.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, usajili wao haufanani na wetu. Hakuna klabu inayokwenda kwa jirani na sanduku la fedha kuvunja mkataba wa mtu. Kila mwaka mwezi Aprili timu zote 32 za ligi yao, NFL, huchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa raundi saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua. Hiyo ndiyo drafti. Mwezi Machi, kabla ya hapo, wale waliomaliza mikataba huwa wachezaji huru na kwenda anakotaka kila mmoja. Juu ya yote kuna ukomo wa mishahara ambao ligi inaupanga: dola milioni 224.8 kwa kila timu mwaka 2023, milioni 255.4 mwaka 2024, milioni 279.2 mwaka 2025. Tajiri na maskini wanabanwa na kamba ileile. Kwa hiyo mali halisi ya timu ni yale machaguo yake ya drafti, na yanaweza kubadilishwa na timu nyingine, hata ya miaka ambayo haijafika. Hapo ndipo penye majaribu.

Tajiri wetu anaitwa David Tepper. Ameinunua timu mwaka 2018, na tangu siku hiyo Panthers hawajamaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Kila mwaka alikuwa anatafuta kwotabeki, yule anayeanza na mpira mkononi na kuamua aurushe, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Akamchukua Sam Darnold kutoka New York Jets mwaka 2021. Akamchukua Baker Mayfield kutoka Cleveland mwaka 2022. Wote wawili walichemka hapa, wakaondoka, wakang'ara kwingine: Mayfield akawapa Tampa Bay ubingwa wa kundi letu hilihili la timu nne, na Darnold akashinda michezo 14 kati ya 17 akiwa na Minnesota mwaka 2024. Mtu mwenye subira angejiuliza kama tatizo ni warushaji au ni mahali wanaporushia.

Hakujiuliza. Machi 2023 Panthers wakawapigia Chicago Bears, waliokuwa na chaguo la kwanza la drafti. Bei ilikuwa hii: chaguo la 9 la mwaka huo, chaguo la 61, chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2024, chaguo la raundi ya pili la mwaka 2025, na DJ Moore, mdakaji wao bora, mtu wa kumrushia mpira. Wakamchukua Bryce Young wa chuo cha Alabama, kijana mwenye akili ya mchezo isiyo na ubishi, ila urefu wake ni futi tano na inchi kumi, na katika mchezo ule huyo ni mfupi.

Umemnunulia mtu mlango wa nakshi wa Zanzibar, ukaupachika kwenye nyumba ya mbavu za mbwa. Ukuta wa watu watano waliotakiwa kumkinga ulivuja kila upande. Msimu wake wa kwanza Young aliangushwa na mpira mkononi mara 62. Wa kumrushia hawakuwepo: Moore alikuwa Chicago akidaka mipira iliyoisogeza timu yadi 1,364, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake, wakati hapa aliyetubeba ni Adam Thielen, mtu wa miaka 33. Kijana waliyemchagua chaguo la 39 azibe pengo la Moore, Jonathan Mingo, msimu uliofuata alishapelekwa Dallas. Tukashinda michezo miwili, tukafungwa 15. Michezo miwili ya mwisho hatukupata pointi hata moja. Katika mmojawapo tajiri akammwagia shabiki wa Jacksonville kinywaji, ligi ikamtoza faini ya dola 300,000. Kocha Frank Reich hakuwepo kuyaona hayo. Alifukuzwa Novemba baada ya michezo 11 tu.

Na kwa kuwa tulikuwa wa mwisho kabisa, lile chaguo la 2024 tulilowapa Chicago likageuka kuwa chaguo la kwanza la ligi nzima. Walimchukua Caleb Williams. Sisi tulitazama kwenye televisheni.

Hapa Charlotte tunabishana sana jambo hili kwenye kinyozi kimoja cha Wakongo. Wengi wanasema kosa halikuwa bei, kosa lilikuwa mtu: chaguo la pili la drafti ileile Houston walimchukua C.J. Stroud, naye akarusha yadi 4,108 msimu wa kwanza, akawa kijana bora wa mwaka upande wa mashambulizi, na timu yake ikaingia mtoano. Hoja ina uzito, sikatai, ingawa hawapendi kukumbushwa kwamba ushindi wetu wa kwanza mwaka ule ulikuwa dhidi ya Houston hiyohiyo, 15 kwa 13. Ila angalieni kilichomkuta Stroud mwaka wa pili. Ukuta wa Houston uliyumba, akaangushwa mara 52, na yule kijana aliyekuwa anafananishwa na wakubwa akaanza kuonekana mtu wa kawaida. Caleb Williams naye, pamoja na baraka zote alizokuta Chicago, aliangushwa mara 68 katika msimu wake wa kwanza, na timu ikafungwa michezo 12. Chicago walijifunza upesi kuliko sisi. Machi 2025 walileta watu watatu wa katikati ya ukuta kwa mpigo, Joe Thuney, Drew Dalman na Jonah Jackson, wakapata na kocha mpya, Ben Johnson. Msimu huohuo wakashinda michezo 11 na kuchukua ubingwa wa kundi lao. Upande wa kulia wa ukuta huo anasimama Darnell Wright, waliyempata kwa kupitia lile chaguo letu la 9. Nikifika hapo kwenye kinyozi huwa nanyamaza kidogo, inauma.

Wapo wanaosema ukuta hauuzi jezi. Ni kweli hauuzi. Lakini Panthers walipoanza kupona, walianzia hapo. Mwaka 2024 waliingia meneja mkuu mpya, Dan Morgan, ambaye mwenyewe aliichezea timu hii, na kocha mpya, Dave Canales. Kwa wachezaji huru hawakukimbilia jina kubwa. Walimpa Robert Hunt dola milioni 100 kwa miaka mitano na Damien Lewis milioni 53 kwa miaka minne. Hawa ni watu wa kusimama kulia na kushoto kwa mtu wa katikati, kazi ambayo shabiki haioni mpaka iharibike. Mji mzima ulicheka. Milioni 100 kwa mtu asiyegusa mpira! Mwaka huo Young hakufikisha mara 30 za kuangushwa.

Sitaki mdhani mambo yalinyooka. Baada ya michezo miwili tu ya mwaka 2024 Canales alimweka Young benchi, akampanga mkongwe Andy Dalton, na Young akarudi uwanjani kwa sababu Dalton aliumia kidole katika ajali ya gari. Nusu ya pili ya msimu akacheza kama mtu mwingine. Sijui kama benchi ndilo lililomponya au ni kuwa na sekunde mbili za kufikiri bila mtu wa kilo 130 kumrukia. Mimi naamini zaidi hizo sekunde.

Upande wa ulinzi ulikuwa aibu. Msimu wa 2024 tuliruhusu pointi 534, nyingi kuliko timu yoyote katika historia ya ligi hiyo. Sehemu ya sababu ni kuumia kwa Derrick Brown, jabali letu la katikati, katika mchezo wa kwanza. Sehemu nyingine ni Brian Burns, mwindaji wetu wa makwotabeki. Mwaka 2022 iliandikwa kila mahali kwamba Los Angeles Rams walikuwa tayari kutoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza ili kumpata. Tukakataa. Mwaka 2024 tukamwachia New York Giants kwa bei ambayo kubwa yake ilikuwa chaguo moja la raundi ya pili. Kushikilia mchezaji unapopewa bei nzuri, kisha kumwachia ukiwa umebanwa na mkataba wake: kosa hili mashabiki wa soka mnalijua vizuri, halihitaji tafsiri.

Ndiyo maana mwaka 2025 nilifurahi kuona fedha zikienda ulinzi. Alikuja Tre'von Moehrig wa nyuma, wakaja Tershawn Wharton na Bobby Brown wa mbele, wote wachezaji huru, hakuna chaguo hata moja lililotoka. Na usajili ulionifurahisha kuliko wote haukuwa na kelele: Rico Dowdle, mkimbiaji aliyeachwa na Dallas, mkataba wa mwaka mmoja, fedha ndogo kwa viwango vyao. Mkimbiaji wetu wa kwanza, Chuba Hubbard, alipoumia, Dowdle akakimbia yadi 206 dhidi ya Miami, na wiki iliyofuata akawageukia Dallas wenyewe akawafanyia karibu yaleyale. Mchezaji huru wa namna hii, mwenye njaa na asiyekufunga miguu miaka minne, kwa timu dhaifu nampenda kuliko jina la milioni 30 kwa mwaka.

Kwenye drafti walichukua mdakaji kwa chaguo la 8, Tetairoa McMillan, naye akawa kijana bora wa mwaka upande wa mashambulizi. Mzee mmoja wa Bukavu pale kinyozi aliikaribisha namba hiyo kwa makofi, kwa kuwa mwaka 1996 ni kwa chaguo la 8 Panthers walimchukua Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada. Majeraha yalimla Biakabutuka. Mzee hajali, kwake hakuna mkimbiaji aliyemzidi.

Mtaona wametumia chaguo hilo la 8 kumpa kwotabeki mtu wa kumrushia, baada ya ukuta kusimama. Mpangilio ule ungefuatwa mwaka 2023, DJ Moore asingeondoka. Msimu wa 2025 Young alirusha yadi 448 katika mchezo mmoja dhidi ya Atlanta, rekodi ya klabu, na tukachukua ubingwa wa kundi kwa ushindi 8 na vipigo 9. Ndiyo, vipigo vingi kuliko ushindi. Kundi letu lote lilikuwa dhaifu, na tulihitaji Atlanta wawafunge New Orleans siku ya mwisho ili tupite. Kwenye mtoano Rams wakatutoa 34 kwa 31. Kwa timu iliyoshinda mara mbili tu miaka miwili kabla, nililala vizuri.

Kuhusu kocha sina mengi. Tepper ameshalipa makocha waliofukuzwa fedha za kutosha kujenga ukuta mara mbili. Matt Rhule alikuwa na mkataba wa miaka saba na hakumaliza wa tatu. Kocha mpya anarithi kikosi kilekile. Canales wamempa muda, na nadhani hilo limesaidia kuliko mbinu yoyote aliyokuja nayo.

Sasa ubishi umehamia kwenye kitakachofuata. Wapo wanaotaka machaguo yakusanywe tena ili tupande juu kuchukua kwotabeki mwingine, wakisema Young amefika mwisho wa uwezo wake. Mimi ningemwongezea ule mwaka wa tano wa mkataba ambao kanuni za ligi zinaruhusu kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza, kisha ningebaki na machaguo yangu yote. Akishindwa, nitakuwa na vijana wa kutosha kumpokea atakayekuja. San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kumpata Trey Lance mwaka 2021, wakaokolewa na Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa la drafti ya 2022, ambaye alikuta timu imeshajengwa.

Chaguo letu la Aprili 2026 ni la 19. Mzee wa Bukavu anataka mdakaji wa pili asaidiane na McMillan. Mimi nataka mwindaji wa kuziba pengo la Burns, maana msimu wa 2025 hatukuwa na anayemfikia kwotabeki wa adui kwa wakati, na Baker Mayfield tuliyemwachia aende zake tunakutana naye mara mbili kila msimu.