Mmeuliza kuhusu kasia, mimi najibu kuhusu njia

Mhariri, hili swali lenu la wiki, "Je, ungelipa pesa yako upige kasia na kubeba mtumbwi mabegani kutwa nzima porini, kama wanavyofanya Marekani na Kanada?", limenigusa pabaya. Jibu langu la kwanza ni hapana. Mimi ni wa Kisumu, upande wa Usoma, na kwetu kasia ni kazi. Baba zetu wadogo wamelipiga tangu ujana na hakuna siku mtu aliwaambia wako likizo, kwa hivyo nikiona "kulipa pesa" moyo unanipanda, naona ni kama jasho la watu linageuzwa mchezo.

Lakini kuna kitu swali lenu limeruka. Hao watu wanaenda mahali kama Boundary Waters kule Minnesota, kuna maziwa zaidi ya 1,000 na kwa mengi injini hairuhusiwi kabisa. Ziwa likiisha wanautoa mtumbwi, wanaupindua juu chini, mtu mmoja anaubeba kwa ubao uliochongwa ukae mabegani, ile myepesi ni kilo 20 hivi, na anatembea nao hadi ziwa lingine. Sasa sikilizeni hapa: anatembea kwa njia. Njia iko kwa ramani, imepimwa kwa rodi, rodi moja ni kama mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Mtu anatoka nyumbani akijua leo nitabeba rodi 80, yaani mita 400, na hakuna wa kumuuliza anapita shamba la nani. Sisi tukitoa boti majini kati ya Usoma na bichi ya Kaloka, tunapita wapi?

Nauliza kwa sababu niliibeba. Binamu zangu walikuja kutoka Nakuru wakati wa likizo wakataka twende Ndere, kile kisiwa cha mbuga, na wakataka kwa kasia, si kwa injini. Baba mdogo akakubali kutupeleka na boti ya faiba ya rafiki yake, ila akasema hatutoki gizani. Kiboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini kukipambazuka, na mtu akisimama kati yake na maji ameisha. Pia hakutaka tuchelewe, maana mchana upepo unageuka, unatoka ziwa kuu unakuja Kisumu, na sisi tulikuwa tunaelekea huko huko unakotoka. Kwa hivyo siku yenyewe ilikuwa nyembamba, mwanga ukitokea tu unaanza na saa sita uwe umeshafika mbali.

Tulianza vizuri kabisa, maji yametulia, baba mdogo nyuma akishika usukani kwa kasia na sisi tukifuata mwendo wake. Kabla ya bichi ya Ogal tukakuta gugumaji. Wanaolijua watanielewa, wasiolijua niwaambie ukilitazama kwa mbali unaona uwanja wa kijani na maua ya zambarau, lakini chini mizizi imening'inia ndani ya maji imeshikana, kasia linaingia halitoki, unavuta unajikuta unavuta shamba zima, na pondo nalo halifiki chini, tukasukuma tukasukuma tukasonga kama urefu wa boti mbili hivi na tukiangalia nyuma pale tulipopita pameshajifunga. Baba mdogo akasema, "Wanangu, hili halipitiki. Tutoke tubebe."

Hapo ndio siku ilianza. Boti ilibebwa na watu wanne, kila mmoja na ngata ya leso begani, na mkiwa hamlingani urefu yule mrefu ndiye anaumia, uzito wote unamlalia, basi tukawa tunapokezana kila tukifika mti. Makasia, maji ya kunywa, chakula na jaketi za kuelea vilibaki ufukweni, ikabidi kuvirudia, na kubeba kwa awamu mbili maana yake njia ile ile unaitembea mara tatu. Shamba la kwanza tulilofika lina waya hadi ndani ya maji, mlinzi akasema amekatazwa kupitisha mtu, tukamwomba, akasema kazi yake itaenda. Simlaumu. Tukageuka na boti mabegani tukapanda hadi barabara ya maramu, jua limeshakuwa kali, watoto wanatufuata wakiuliza boti imeharibika wapi.

Boma lililofuata baba mdogo akapiga hodi. Akatoka mama mmoja mzee, akatuangalia. "Tunaomba njia, mama." Akauliza tunatoka wapi, tukamwambia. Akasema, "Wekeni hiyo boti chini kwanza mnywe maji." Akafunga mbwa, akatupitisha katikati ya mtama wake akitangulia mbele mwenyewe, anatuonyesha pa kukanyaga, na boti ikaangusha mabua kadhaa, akasema tusijali tuendelee. Ule mtama ndio nimekuwa nikiufikiria tangu nione swali lenu.

Tuliporudi majini upepo ulikuwa umeshageuka. Tukaambaa na mafunjo kutafuta kivuli cha upepo, mikono imetoka malengelenge, tukafika Kaloka jioni na Ndere tukaiangalia kwa macho tu. Lakini hao binamu hawakulalamika. Walikaa bichi wakamuuliza baba mdogo maswali mpaka usiku, upepo unageuka saa ngapi, gugumaji linalala upande gani asubuhi, kiboko anapita wapi, na mzee akajibu yote kwa furaha ambayo sijawahi kuiona akitoka kuvua. Akaniambia, "Hii kazi nikilipwa naifanya kila wiki."

Sasa nimeandika mpaka hapa na ile hapana yangu imepoa. Kama mwenye kasia mwenyewe anaitaka, mimi ni nani niseme ni aibu? Basi ningelipa, ila pesa ziende kwa anayejua maji, na mwenye mtama apewe chake kabla boti haijaingia shambani. Na kaunti ituachie njia ya miguu kutoka bichi hadi bichi, hata kama ni ya upana wa watu wawili. Bila hiyo njia jibu langu linabaki ndio ya nusu. Tena kichocho kiko kwa maji ya pembeni, mkishashuka kusukuma boti msipuuze, nendeni mkapimwe. Na msitoke bila kupigia watu wa BMU, kile kikundi kinachosimamia bichi, simu asubuhi hiyo hiyo, gugumaji la jana si la leo.