ILI9341 kupepesa kwenye Arduino Uno

Mkuu, umeuliza kama skrini yako ya ILI9341 (ILI9341 ni chipu inayoiendesha) ni mbovu kwa sababu inapepesa ukionyesha joto; skrini haina tatizo. Kinachopepesa ni ile fillScreen (amri ya kujaza skrini yote rangi moja) uliyoiweka ndani ya loop, sehemu ya programu inayojirudia: kila kipimo cha joto kikija unaifuta skrini yote iwe nyeusi, ndiyo uandike upya, na jicho linauona huo weusi. ILI9341 ina pikseli 320 kwa 240, kila moja baiti 2, jumla baiti 153,600. SPI ya Uno, njia ya kupeleka data kwenye skrini, mwisho wake MHz 8, yaani biti milioni 8 kwa sekunde, kwa hiyo kufuta peke yake kunakula zaidi ya sekunde 0.15. Kubadilisha waya hakutasaidia kitu.

fillScreen iite mara moja tu kwenye setup, sehemu inayoendeshwa mara moja mwanzoni. Halafu setTextColor ipe rangi mbili, ya maandishi na ya nyuma yake: setTextColor(ILI9341_WHITE, ILI9341_BLACK). Namba mpya inaifunika ya zamani papo hapo. Acha nafasi tupu mwishoni, la sivyo ikishuka kutoka 100 hadi 99 utasoma 990.

Mbinu hiyo ya rangi mbili inafanya kazi kwa fonti ya kawaida ya Adafruit GFX (maktaba ya kuchora kwenye skrini) tu. Zile za kuongeza hazipaki rangi ya nyuma, kwa hizo futa kaeneo ka namba kwa fillRect (inajaza mstatili mmoja tu), tena pale thamani inapobadilika. Kuiandaa picha nzima kwenye kumbukumbu kwanza, Uno haiwezi, RAM yake ni KB 2. Ukihamia ESP32, bodi yenye kumbukumbu kubwa zaidi, tumia spraiti (picha zinazoandaliwa kwenye kumbukumbu kwanza) za maktaba ya TFT_eSPI.