Maswali ya Wasomaji: Mchango wa saratani unaishia wapi?

SWALI: Kila jioni napigiwa simu na shirika linalosema linasaidia wagonjwa wa saratani. Nikiuliza fedha zinakwenda wapi, najibiwa kwamba senti 80 za kila dola zinaingia kwenye miradi. Nitajuaje kama ni kweli? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Kwanza, usimpe namba ya kadi mtu aliyekupigia yeye. Mwulize jina la shirika kama lilivyosajiliwa na namba yake ya kodi, EIN, yenye tarakimu tisa. Mashirika ya saratani yana majina yanayokaribiana mno, na wapo wanaoutegemea mkanganyiko huo. Mwulize pia ameajiriwa na nani: shirika lenyewe, au kampuni inayolipwa kukusanya michango?

Ukishapata EIN, tafuta Fomu 990. Ni taarifa ambayo mashirika mengi ya hisani Marekani huiwasilisha IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, kila mwaka, na yeyote anaruhusiwa kuisoma. Inapatikana bure kwenye tovuti ya IRS na kwenye Nonprofit Explorer, hifadhi ya mtandaoni ya chombo cha habari cha ProPublica. Chukua za miaka mitatu, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati. Nenda moja kwa moja Sehemu ya IX. Safu A ni jumla ya matumizi, B ni miradi, C ni uendeshaji, D ni gharama za kuomba michango. Kwenye mstari wa 25, gawanya B kwa A. Hiyo ndiyo asilimia wanayokutajia kwenye simu. Sasa anza kuichokonoa.

Tuseme shirika limetumia dola milioni 10, na milioni 8 zimeandikwa safu B. Ni 80% kweli. Rudi Sehemu ya VIII, mstari wa 1g, penye michango iliyopokewa kwa vitu badala ya fedha, kisha usome Jedwali M lenye mchanganuo wake. Ukikuta dawa za milioni 6.5 zilizopokewa na kupelekwa nchi za nje, ziondoe kwenye A na kwenye B. Matumizi yaliyobaki ni milioni 3.5, na miradi ni milioni 1.5 tu: kama 43%. Shuka hadi mstari wa 26, gharama za pamoja. Hapo utaona sehemu ya barua na simu za kuomba fedha iliyohesabiwa kuwa elimu kwa umma, kwa kuwa barua ilimhimiza msomaji akapime matiti. Kama laki 7 zimeingizwa safu B kwa njia hiyo, miradi mingine inabaki na laki 8 kati ya milioni 3.5, yaani 23%. Tangu 80 hadi 23, na hakuna tarakimu hata moja iliyoghushiwa.

Dawa za msaada si hila kwa asili yake. Dawa sahihi, iliyofika kabla haijakaribia kuisha muda, huokoa mtu. Shida iko kwenye thamani iliyoandikwa: kidonge cha senti chache katika soko la dunia huweza kuwekewa bei ya jumla ya Marekani. Tena shirika laweza kuwa limepitisha makaratasi tu, huku mzigo ukiwa umetafutwa, umesafirishwa na kugawiwa na wengine.

Mambo haya yalishafika mahakamani. Mei 2015 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo yote 50 na Wilaya ya Columbia, iliyashtaki mashirika manne ya saratani yaliyounganishwa na undugu na urafiki wa viongozi wake, likiwemo Cancer Fund of America. Yalidaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 187 kati ya 2008 na 2012. Kampuni za kukusanya michango mara nyingi zilibaki na 85% au zaidi ya kila mchango, na vitabu vilinona kwa zaidi ya dola milioni 223 za vitu vilivyosemekana kupelekwa ng'ambo. Mashauri yalimalizika kwa makubaliano, na mashirika hayo yakafungwa.

Kwa hiyo usiishie kwenye asilimia. Katika Sehemu ya VI tazama wajumbe wangapi wa bodi wanajitegemea na kama kuna undugu kati ya viongozi; Jedwali L huonyesha biashara kati ya shirika na watu wake wa ndani. Ada za kampuni za kukusanya michango ziko Sehemu ya IX, mstari wa 11e, na Jedwali G hutaja kampuni zenyewe na kiasi zilichobaki nacho. BBB Wise Giving Alliance, shirika linalopima mashirika ya hisani Marekani, hutaka angalau 65% ya matumizi iende kwenye miradi. Sisi tungeipima 65% hiyo baada ya kuondoa dawa, si kabla.

SWALI: Huku kwetu kuna kikundi kinachopima saratani ya mlango wa kizazi vijijini. Kinasema kimepima wanawake 5,000 kwa shilingi milioni 50 na kinaomba tukiongezee. Bei ya 10,000 kwa mama mmoja inavutia. Je, tukichangie? – Umoja wa akina mama, Shinyanga

JIBU: Msiamue bado. Kupima hakumtibu mtu. Muuguzi hupaka siki maalumu ya 3 hadi 5%, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pana weupe. Faida inaanza pale mwenye mabadiliko ya awali, yaani kabla hayajawa saratani, anapotibiwa, ikiwezekana siku ileile, kwa kuunguza kwa joto au kugandisha kwa gesi. Gesi ikiisha au betri ya kifaa ikigoma, mama huambiwa arudi wiki ijayo, na wengi hawarudi.

Ombeni hesabu nzima: waliopimwa, waliokutwa na mabadiliko, waliotibiwa siku ileile, walioshukiwa kuwa na saratani, waliofika hospitali, waliopata majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa, walioanza tiba, waliomaliza. Tuseme kati ya 5,000 hao, 330 walikuwa na mabadiliko ya awali na waliotibiwa ni 99. Kila aliyetibiwa amegharimu kama 505,000. Kikundi kingine, kwa milioni 50 zilezile, kimepima 2,000, kimekuta 132, kimetibu 125. Upimaji wake ni 25,000 kwa mama mmoja, ghali mara mbili na nusu, lakini kila aliyetibiwa amegharimu 400,000. Shirika la Afya Duniani linalenga 90% ya waliokutwa na ugonjwa wapate tiba. Hiki cha pili kiko 95%. Cha kwanza kiko 30%.

Ulizeni umri wa waliopimwa. Upimaji huu unawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU huanza mapema zaidi. Kambi ya siku moja chuoni huleta idadi kubwa ya wasichana wa miaka 20 na picha nzuri, basi. Ulizeni pia kama mama aliyekuja kambi mbili amehesabiwa mara mbili. Na kama kati ya 5,000 hakukutwa hata mmoja, au wamekutwa nusu nzima, yatiliwe shaka mafunzo ya wapimaji.

Wale wanaoshukiwa kuwa na saratani wasiunguzwe. Wanapaswa kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi huchukua wiki kadhaa. Bajeti isiyo na fungu la nauli na malazi maana yake mgonjwa ataishia njiani. Wakiwatajia asilimia ya walio hai baada ya miaka 5, ulizeni waliopotea bila taarifa wamewekwa kundi gani.

Namba ya usajili ihakikisheni kwa Msajili wa NGO, anakotakiwa kupelekewa taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Katika hesabu hizo anzeni na maoni ya mkaguzi: hati safi, yenye shaka, au mbaya. Hati safi husema vitabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kama mtu yeyote amepona.

SWALI: Mkurugenzi wa shirika fulani la saratani analipwa vizuri kuliko daktari. Si kula fedha za wagonjwa huko? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Si lazima. Linganisha na shirika la ukubwa na kazi ileile, kisha uliza nani aliyeupitisha mshahara: bodi inayojitegemea, au mkurugenzi na shemeji zake? Uingereza hesabu za mashirika makubwa huonyesha wangapi wanalipwa zaidi ya pauni 60,000, na unazisoma bure kwenye daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani huko. Shirika linalodai kutotumia chochote kwa uendeshaji linatutia wasiwasi zaidi. Mhasibu na mtunza takwimu wanalipwa na nani? Kagua pia akiba. Ya miezi kadhaa ni busara. Ikizidi matumizi ya miaka mitatu, uliza kwa nini wanaendelea kuomba.

SWALI: Kwenye WhatsApp kuna picha ya mtoto mwenye saratani na namba ya simu ya kutumia fedha. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Uliza hospitali na namba ya faili, kisha mwombe mzazi akupatie kontroo namba ya bili. Ukiilipia hiyo, fedha zinaingia hospitali moja kwa moja. Kama familia inahitaji nauli au chakula, mpitie ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo.