Kilti ya twidi ya Kongowea: niivae au niiuze?

SWALI: Salaam. Juzi kwa mitumba pale Kongowea nimepata sketi nzito ya sufu, kahawia yenye chembechembe za kijani, marinda nyuma tu na mishipi ya ngozi. Muuzaji kasema ni kilti ya Waskoti, ya kiume. Kaka yangu kacheka mpaka kakaa chini. Ni ya kiume kweli? Na naweza kuivaa harusini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kaka apunguze kicheko. Ijaribu mwilini, kipande cha juu cha mbele kikija kuishia upande wako wa kulia basi kwa kawaida ni ya kiume, za kike nyingi hufungia kushoto. Halafu chungulia ndani kama kuna lebo ya tufe lenye msalaba juu, hiyo ni Harris Tweed, twidi (kitambaa kizito cha sufu) ambayo sheria ya Uingereza ya 1993 inataka ifumwe kwa mkono na watu wa visiwa vya Outer Hebrides, Skotlandi, majumbani mwao. Ukiikuta shukuru Mungu, na muuzaji usimrudie kumwambia!

Zamani kilti ilikuwa shuka kubwa la sufu, mtu wa milima ya Skotlandi anajifunga kiunoni linalobaki anatupia begani, usiku analalia hilohilo. Hii fupi ni ya karne ya 18. Bunge la London likaipiga marufuku 1746 baada ya uasi wa Waskoti, kosa la kwanza jela miezi sita, la pili unapelekwa ng'ambo miaka saba, ila askari wa jeshi lao wenyewe wakaruhusiwa, ona hiyo! Mpaka 1782 ndio wakaachia. Twidi ilipata umaarufu karne ya 19, matajiri wenye ardhi za kuwinda wakiwavisha walinzi wao rangi za mlima wasionekane na kulungu, ndio maana kilti ya twidi ni nguo ya mchana, haina mbwembwe za tartani, kile kitambaa cha miraba ya rangi.

Sasa joto. Kilti moja yaweza kula mita saba za kitambaa na karibu zote zimejazana nyuma, Februari hapa utaiva bana. Ngoja kusi, Julai jioni, ukingo ukae katikati ya goti na soksi ndefu. Usiiloweke kwenye beseni na sabuni ya unga, sufu itarudi, peleka drai klina. Na kwa unyevu huu wetu ipunge kivulini kwanza, ndio uifungie na kafuri, nondo wanaipenda sufu chafu.

Kwenye nikahi vaa kanzu yako. Kilti ni ya karamu ya jioni, tena mwulize bwana harusi kwanza.